Maji kwanza, burashi nyuma: namna wanaume wa Bunia walivyoanza kujinyoa wenyewe

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii sisi wote tunaijua, na kila mtu anaitumia kwa kuonya: taabu iliyomfika jirani leo, kesho inaweza kubisha kwako. Lakini tuache kwanza ile maana ya ndani, tuisome kama mtu anayesoma barua ya zamani, neno kwa neno. Inasema nini? Inasema mtu hanyoi, ananyolewa. Kuna mkono wa mwingine. Inasema watu wanangoja zamu. Na inasema kitu kinachotangulia wembe ni maji. Haisemi sabuni, haisemi povu, na burashi haiko ndani kabisa.

Ndugu yake ni ile nyingine, Kinyozi hajinyoi. Ya tatu haiko methali, ni usemi wa kila siku: fulani wamemnyoa bila maji, maana yake wamemtesa bila huruma. Tukiweka hizi tatu pamoja, tunapata mashahidi watatu wa namna wenye lugha hii walivyokuwa wakinyoana zamani, na wote watatu wanakubaliana.

Nimeanza hapo kwa sababu ya swali lililoletwa kwenye mkutano wetu. Vijana fulani, wenye kazi nzuri na wanaosafiri, wameanza kununua burashi za manyoya za kupakia povu la kunyolea ndevu, zile ambazo kwa Kifaransa zinaitwa blaireau, na wanasema wanarudia "kunyoa kwa asili". Walitaka tuwaambie burashi ipi ni nzuri. Wazee wawili wakabishana papo hapo. Mmoja alisema kitu kile ni cha Wazungu, hakina nafasi katika kitabu cha desturi. Mwingine akajibu kwamba baba yake alikuwa nayo, na baba yake hakuwa Mzungu. Mimi naona kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Na swali lenyewe si dogo kama linavyoonekana, juu linaishia katika nyumba ya kilio, na pale watu wanaweza kupoteza maisha.

Kabla ya burashi

Ituri ni nchi ya chuma tangu zamani. Upande wa Mahagi na Djugu, Waokebo ndio waliojulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma; majirani zao, Waalur na Walendu, walipata kwao majembe na mikuki. Pahali penye muhunzi wembe hauwezi kukosa: ni kipande kidogo tu cha chuma, bapa, kinachonolewa juu ya jiwe. Lakini wembe wa namna ile haukuwa kitu cha kila asubuhi. Ulikuwa na siku zake. Ulitoka kwa mtoto mchanga, ukatoka kwa mtu aliyeinuka katika ugonjwa mrefu, na zaidi ya yote ulitoka wakati wa kilio. Katika kabila nyingi za huku kwetu na za ng'ambo ya ziwa, ndugu za marehemu walinyolewa kichwa, na nywele mpya zilipoanza kuota watu waliona kwamba yule mtu anarudi polepole kati ya wenzake.

Kwa hiyo swali la wazee halikuwa "unatumia chombo gani?" Swali lilikuwa "nani atakunyoa?" Kichwa cha mtu hakiguswi ovyo. Kumwachia mwingine wembe karibu na shingo yako ni kumwamini, na kumnyoa mwenye huzuni ni kumhudumia. Chombo kilikuwa cha mwisho katika hesabu. Maji yalichotwa, kichwa kikalowanishwa kwa mkono, kikasuguliwa mpaka nywele zikalainika, basi. Penye sabuni ya majivu na mafuta, walitumia. Pasipo nayo, hakuna aliyelalamika.

Katika miaka ya 1880 wakafika Waungwana, watu wa Maniema na wa pwani waliofuata pembe za tembo na watumwa ndani ya msitu. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri mwaka wa 1887, mwezi wa tisa alimkuta Ugarrowwa kando ya mto, na mwezi wa kumi akafika Ipoto, kwa watu wa Kilonga-Longa. Tunajua ubaya walioufanya, sitaurudia hapa. Lakini hao ndio waliotuachia Kiswahili, na katika mzigo wa Kiswahili lilikuwamo neno kinyozi: mtu ambaye kunyoa ni kazi yake, hata kama si ndugu yako. Ilikuwamo pia desturi ya Waislamu ya kumnyoa mtoto nywele siku ya saba na kutoa sadaka kwa uzito wa nywele zile. Angalia vizuri: hata kwao ni mwingine anayekunyoa, na hata kwao ni maji.

Burashi inafika na sanduku la Mzungu

Blaireau ni jina la mnyama kabla ya kuwa jina la burashi. Ni mnyama wa Ulaya na Asia, anachimba mashimo, anatembea usiku, ni wa ukoo mmoja na nyegere wetu anayeiba asali, ingawa nyegere hakuna aliyemfanyia burashi. Manyoya ya yule wa Ulaya ni manene katikati na membamba kwenye ncha. Ukiyafunga pamoja, ncha zinakuwa laini juu ya ngozi, na huku chini kunabaki nafasi za kushika maji na povu. Waingereza na Wafaransa walitambua hilo zamani, na kufikia karne ya 19 burashi ya namna ile ilikuwa kitu cha kawaida mezani kwa mwanaume mwenye mali, pamoja na kikombe cha sabuni na ule wembe mrefu unaokunjwa.

Huku Ituri kitu hiki kiliingia pamoja na Serikali na dhahabu. Dhahabu ya Kilo ilitambuliwa mwaka wa 1903, kazi ya kuchimba ikaanza mwaka wa 1905, na kampuni ya Kilo-Moto ikaanzishwa mwaka wa 1926. Wakaja mainjinia, mawakala, maofisa, na nyuma yao wafanyabiashara Wagiriki na Wahindi. Kuna jambo moja la kuchekesha kidogo: watu wengi wanafikiri ni wamisionari waliotufundisha kunyoa ndevu. Mapadri Weupe! Watu ambao ndevu zao ndefu zilijulikana kila pahali kama kanzu zao. Kama tungewafuata wao, leo Bunia nzima ingekuwa na ndevu za kufika kifuani.

Hapana, aliyetufundisha ni yule boyi. Nasema hivyo kwa heshima, juu baba zetu wengi walianzia pale. Asubuhi sana ni yeye aliyepasha maji moto, akaleta kioo, akaweka burashi na sabuni kwenye baraza, na Mzungu alipomaliza ni yeye aliyesuuza burashi na kuianika. Kwa hiyo mikono ya kwanza ya watu wetu kushika chombo hiki iliishika kwa kukisafisha, si kwa kukitumia. Aliona kitu kipya kabisa: mtu mzima aliyesimama peke yake mbele ya kioo, anajinyoa mwenyewe, hana zamu, hana ndugu, hana kinyozi. Ile methali ya pili ilivunjika pale barazani.

Na sabuni ya ndani ya kikombe kile ilikuwa na habari yake. Mwaka wa 1911 William Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni, alifanya mapatano na Serikali ya Ubelgiji, akaanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge kwa kukamua mawese. Moja ya maeneo yake lilikuwa Elisabetha, ambako sasa panaitwa Lokutu, kando ya mto Kongo, karibu na Basoko. Tunakumbuka kwamba maji ya mto Ituri, baada ya kubadili jina na kuitwa Aruwimi, yanaingia katika mto Kongo palepale Basoko. Mawese yalipanda meli kwenda Ulaya, na sabuni ikarudi ndani ya karatasi nzuri, ikauzwa. Watu walilazimishwa kukata ngazi za mawese kwa malipo duni, halafu wakanunua povu lake kwa bei ya dukani.

Njia ya vitu hivi kufika Bunia haikuwa ya magharibi peke yake. Vingi vilipita Mombasa, vikavuka Uganda kwa reli, kwa meli na kwa barabara mpaka Butiaba, na toka Butiaba meli ilivuka ziwa Albert mpaka Kasenyi, halafu mlima mpaka huku juu. Ndiyo maana katika nyumba za zamani za Bunia unaweza kukuta kitu cha Mwingereza karibu na kitu cha Mbeleji. Bandari ya Butiaba iliharibiwa na maji ya ziwa yaliyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati uleule nchi yetu nayo ilipotikisika.

Karani na kioo chake

Toka kwa boyi burashi ilipanda kwa karani, kwa mwalimu, kwa munganga wa dispensari. Tangu mwaka wa 1948 Wabeleji walitoa ile karte ya sifa ya raia, na mwaka wa 1952 wakaongeza sheria ya kuandikishwa kati ya "waliostaarabika". Aliyeomba alikubali watu waje nyumbani kwake kupima maisha yake: namna anavyokula, namna anavyolala, usafi wa nyumba, masomo ya watoto. Katika maisha ya namna ile kidevu kilichonyolewa vizuri kila asubuhi kilikuwa kama koti lililopigwa pasi. Haikuwa uzuri tu, ilikuwa mtihani.

Ndiyo maana namwelewa yule mzee aliyesema ni kitu cha Wazungu. Anasikia bado harufu ya ule mtihani. Lakini namwelewa pia mwenzake. Kwetu burashi ya baba ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, manyoya yakitazama chini. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Mdogo wangu aliitoa siku moja kwa kupaka mdoli wake chokaa, na alichopata siku ile bado anakumbuka. Hakuna aliyetueleza kwamba kuna magonjwa. Sababu ilikuwa heshima tu: ile ni burashi ya baba, inagusa uso wa baba. Mke hakuitumia, kaka mkubwa hakuitumia, mgeni hakuazimwa. Kijana alipoota ndevu alinunuliwa yake.

Hii ndiyo desturi ninayotaka kuiandika kabla haijasahaulika. Burashi yenyewe ilitoka ng'ambo, lakini sheria ya kwamba haiazimwi ilikomaa hapa, ndani ya nyumba zetu, kwa kufuata ile heshima ya zamani ya kichwa na uso. Vizazi vitatu vimeishika. Kitu kilichoshikwa na vizazi vitatu kina haki ya kuitwa desturi, hata kama kilishuka toka melini.

Ndevu zenyewe hazikukosa siasa. Kidevu kilichojulikana kuliko vyote katika Kongo ni cha Patrice Lumumba, na ndevu ndogo kama zile zinadai kazi nyingi kuliko kunyoa zote: pembeni lazima pawe safi, mstari lazima unyooke. Vijana wengi wa mashariki waliofuga ndevu kama zake katika miaka ile walihitaji wembe mkali na mkono usiotetemeka.

Namna ilivyopotea

Gillette alianza kuuza wembe wake wa salama mwaka wa 1903, na mwaka wa 1918 jeshi la Marekani lilinunua milioni 3.5 kwa askari wake. Wembe ule mwembamba ulifika huku ukaitwa zileti, kwa jina la mwenyewe. Haukuua burashi, kwa miaka mingi viliishi pamoja, tena vizuri. Kilichoua burashi ni mambo mengine matatu yaliyokuja moja baada ya lingine: povu la ndani ya mkebe, wembe wa plastiki wa kutupa, na zaidi ya yote mashini ya umeme ya kunyolea. Mashini haitaki maji. Kituo cha Budana, kilichojengwa wakati wa Wabeleji kwa ajili ya migodi, hakikutosha mji wote, lakini jenereta ndogo ilitosha kinyozi mmoja. Baada ya vita vya mwaka wa 1999 mpaka 2003, mji ulipojaa watu waliokimbia vijiji vyao, kijana mwenye mashini moja, kioo kimoja na kiti cha plastiki aliweza kulisha familia. Sitawalaumu. Lakini ni wakati ule tulipoanza, kweli kabisa, kunyolewa bila maji.

Watu wetu wengi walilipa kwa ngozi. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa chini sana, ncha inarudi ndani ya ngozi na kufanya vipele vya kidevu na shingo, vingine vinakuwa na usaha na kuacha alama nyeusi. Wembe wa kisasa wenye makali matatu au matano unavuta unywele kabla ya kuukata, na unazidisha taabu ile. Dawa ya kwanza ya vipele hivi ni ileile ya methali: maji, tena ya moto kidogo, muda wa kutosha, halafu wembe wenye makali mamoja unaofuata njia ya nywele, si kupinga. Burashi inasaidia hapo kwa sababu inafikisha maji na povu mpaka kwenye shina la unywele na kuuinua. Vijana wetu hawakukosea kuitafuta.

Kuchagua

Basi tuwajibu. Manyoya ni ya namna nne. Ya blaireau ndiyo ya bei kali. Ni laini, yanashika maji mengi, na siku hizi mengi yanatoka China. Usidanganywe na maneno ya kwenye boksi, pitisha ncha juu ya shavu kavu: kama inachoma kama nyasi, haiko nzuri hata ingeandikwa nini. Ya nguruwe ni magumu mwanzoni na yananuka siku za kwanza; yanataka kulowekwa dakika chache kabla ya kazi, na baada ya wiki nyingi ncha zake zinapasuka na kulainika. Mwenye subira atapata burashi nzuri kwa makuta kidogo. (Mwislamu, bila shaka, ataipita ile.) Ya farasi yako katikati, yanakatwa kwenye shingo na mkia bila kumuua mnyama. Na ya nne ni nyuzi za kiwandani. Wazee wanazidharau, na zamani walikuwa na haki. Zile za kwanza zilikuwa kama ufagio. Zilizotengenezwa miaka hii ni laini, hazinywi maji, zinakauka haraka kuliko zote, na zinaoshwa vizuri. Kwa mji kama Bunia, wenye miezi mingi ya mvua na nyumba nyingi ambazo chumba cha kuogea hakikauki, mimi ningemshauri mtu aanze na hiyo, na pesa inayobaki anunue sabuni nzuri.

Ukiwa dukani, shika manyoya uvute kidogo. Moja au mawili yakitoka haina shida. Yakitoka kumi, gundi ni mbaya. Kifundo cha milimita 20 mpaka 24 kinatosha uso wa mtu yeyote; burashi kubwa sana inapaka povu mpaka masikioni. Mshikio wa mbao unapendeza lakini ukibaki ndani ya maji unapasuka. Mshikio wa pembe ya ng'ombe unataka kukaushwa vilevile. Baada ya kunyoa, suuza mpaka maji yatoke safi, kung'uta, uiweke pahali pa hewa. Burashi iliyofungwa ndani ya kopo ikiwa mbichi inaoza.

Jambo moja juu ya burashi za zamani, zile zinazouzwa kama vitu vya ukumbusho. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, manyoya ya blaireau yalikuwa shida kupata. Wenye viwanda wakachukua manyoya ya farasi toka nchi za mbali, wakayapaka rangi yafanane na ya blaireau, na mengine hayakusafishwa kwa dawa inavyotakiwa. Wanaume wa Uingereza na Marekani, askari na raia, wakaanza kuota kidonda usoni au shingoni, katikati cheusi kama makaa, na wengine wakafa. Ilikuwa kimeta. Wafugaji wa Ituri wanaufahamu ugonjwa huo kwa jina la Kifaransa, charbon, makaa, na wanajua kwa nini ng'ombe aliyekufa nao hachunwi ngozi. Mbegu zake zinaweza kulala miaka mingi. Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka wa 1919, na mwaka wa 1920 ikakataza burashi za kunyolea zilizotoka Japani. Burashi mpya ya manyoya iliyosafishwa kiwandani haina hofu hiyo. Lakini burashi ya miaka mia moja ambayo hujui ilitoka wapi, iweke kwenye kabati la kioo, usiitie usoni.

Nyumba ya kilio

Sasa tufike pale nilipoahidi. Kijana mmoja kati ya wale waliouliza alisema anafikiri kununua burashi moja kubwa nzuri kwa ajili ya ukoo wake, iwe inatumika kunyoa watu siku za kilio, "ili turudishe desturi". Nia yake ni safi kabisa. Lakini hapo ndipo nusu mbili za wale wazee zinagongana.

Katika kilio wananyolewa watu wengi kwa siku moja, wakati mwingine wazee kwa watoto, kwa haraka, na wenye mikono iliyochoka kwa kulia. Wembe unakata hapa na pale, damu kidogo inatoka. Zamani wembe mmoja ulizunguka vichwa vyote. Tangu miaka ya 1980 tunajua ukimwi, na tunajua vizuri zaidi sasa ugonjwa wa maini wa aina ya B, ambao virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi juu ya kitu kilichoshika damu. Familia nyingi zimeelewa habari ya wembe. Lakini burashi watu hawaifikirii, juu haikati. Kumbe inapita palepale wembe ulipokata, inachukua kilichoko, inakiweka ndani ya manyoya yenye joto na unyevu, na inakipeleka kwa kichwa kinachofuata. Tena burashi haichemshwi kama sindano. Maji ya moto sana yanaharibu manyoya na gundi.

Tukumbuke pia Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na pembeni, na Bunia nayo iliguswa. Miaka ile tulikatazwa kuosha maiti zetu, kuwagusa, kuwabusu. Wengi waliona kama desturi imekufa. Haikufa. Watu walikaa mbali, wakaimba toka mbali, wakangoja, halafu wakalia. Kama tuliweza kubadili jambo zito kama lile na bado tukabaki watu wa kilio, kubadili chombo cha kunyolea si kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule lilikuwa hivi: burashi ya ukoo haijawahi kuwako. Wazee wa kale hawakuwa nayo. Walitia maji kwa mkono. Wazee wa juzi walikuwa nayo, na hawakuiazima hata kwa mtoto wao wa kuzaa. Anayetaka kufuata wa kale achote maji, na anayetaka kufuata wa juzi anunue yake peke yake. Ya kuchanganya nusu ya hawa na nusu ya wale haina babu.

Alikubali, ingawa si kwa furaha, na akauliza basi yeye alete nini siku ile. Katika familia kadhaa za mjini jambo limeshapangwa, na ni rahisi. Mtu mmoja anapewa kazi ya kununua paketi za zileti, moja kwa kila kichwa na chache za akiba. Maji yanachotwa kwenye ndoo safi, na kila anayenyolewa anamiminiwa kwa kikombe, hakuna anayechovya ndani ya ndoo. Sabuni ya kipande inakatwa vipande vidogo kwa kisu, kimoja kwa mtu, na povu linasuguliwa kwa kiganja. Anayenyoa ananawa mikono kati ya mtu na mtu. Penye glavu, anavaa. Bado ni shangazi au mjomba yuleyule aliyestahili kunyoa tangu zamani, na bado anaanzia upande uleule wa kichwa. Zileti iliyotumika inatiwa ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko, na jioni chupa ile inatupwa ndani ya shimo la choo, mbali na mikono ya watoto.